Bidoni ya Kifuniko Chekundu

Mama Kanyere hakunywa kitu kabla ya kunusa chombo chake kikiwa kitupu. Ukimkaribisha chai, alikuomba kwanza kikombe, akakisogeza puani, akafumba macho kidogo, kisha akakurudishia umimine. Alifanya hivyo nyumbani kwangu kwa miaka kumi na moja. Alifanya hivyo kwenye harusi na kwenye matanga, mbele ya wenye nyumba. Jumapili moja, tukiwa benchi moja kanisani, padre alipoinua kalisi, kikombe cha divai, nilimwona Mama Kanyere akinyoosha shingo na pua ikimcheza. Nilicheka mpaka watu wakageuka. Yeye hakucheka.

"Madame," aliniambia tulipotoka nje, "ile nayo ni chombo."

Wageni walichukizwa, wakidhani anawaona wachafu. Sisi wa mtaa wa Mabanga tulijua ni kazi iliyomzoeza. Kwa zaidi ya miaka thelathini alipika kasiksi, pombe ya ndizi, kwa ajili ya mahari, ubatizo na matanga ya nusu ya mtaa. Alizaliwa milimani karibu na Butembo, akaja Goma na mume aliyesafirisha maharagwe, na mume alipokufa akabaki na nyumba ya mbao na ua wa mawe meusi. Binti yake naye alifariki, akamwachia mtoto wa miaka mitatu, Bénie. Kasiksi ndiyo iliyomlea mtoto huyo. Mimi nilipanga chumba upande wa pili wa ua huohuo mwaka nilipopewa madarasa ya Kifaransa katika shule ya sekondari ya mtaa. Sikuwa na mume wala mtoto, na jioni zangu nyingi ziliishia kwenye kigoda karibu na moto wake.

Kulikuwa na jambo ambalo hatukulizungumza kwenye moto huo. Miaka mitatu kabla ya mahari ninayotaka kuisimulia, mtu mmoja wa mtaa wa Mapendo, Papa Grégoire, alikunywa kasiksi yake kwenye matanga ya jirani. Siku ya pili alianguka. Siku ya nne akazikwa. Daktari aliandika kwamba ini lilikuwa limeharibika siku nyingi. Lakini mjini kwetu mtu akifa haraka, neno moja hufika kabla ya karatasi ya daktari: karuho, yaani sumu. Hakuna aliyemshtaki Mama Kanyere. Watu waliacha tu kumwita. Alipopita na bidoni, dumu lake la plastiki, kichwani, waliokuwa wakiongea walipunguza sauti. Mjane wa Grégoire, Mama Pascasie, hakusema lolote hadharani. Kila alipomwona alivuka barabara.

Kisha Bénie, aliyekuwa akisomea uuguzi, akampenda mwanafunzi mwenzake aitwaye Élisée. Élisée alikuwa mtoto wa kwanza wa Grégoire na Pascasie.

Katika familia hizo mbili mahari haiguswi kabla wazee wa pande zote hawajanywa kasiksi iliyopikwa nyumbani kwa bibi arusi. Soda na bia za chupa huja baadaye, kwa vijana. Anayepika huonja kwanza mbele ya wageni, kisha hutoa kikombe. Mgeni akikiweka chini bila kunywa, watu wake husimama na kurudi na vitu vyao, na mambo huishia hapo. Wenceslas, mdogo wake Mama Kanyere, ambaye angekuwa msemaji wa familia, alishauri apike mwanamke mwingine. Jibu la Pascasie lilikuja kwa mdomo wa huyohuyo Wenceslas:

"Anasema hataki mwingine. Anataka upike weye, na unywe mbele yake. Pua yake ikipata kitu chochote, ataweka kikombe chini na kurudi na mutoto wake." Wenceslas alijifuta jasho. "Dada, anakutega."

"Apana," alisema Mama Kanyere. "Anaogopa. Mutu mwenye kuogopa ananusa vizuri. Basi tutaosha vizuri."

Ilikuwa mwezi wa tano wa mwaka 2025. Mwezi wa kwanza, siku zile za risasi mji ulipotekwa, sisi sote wa ua tulikimbilia parokiani, na tuliporudi mlango wa Mama Kanyere ulikuwa umeng'olewa. Mchele ulikuwa umekwenda, redio imekwenda. Vyote hivyo hakuvililia. Alililia pipa lake la bluu na bidoni zake nne, ambazo kwa miaka ishirini hazikuwahi kubeba kitu kingine isipokuwa maji ya ndizi. Sasa ilimlazimu kununua bidoni za manjano zilizotumika, na bidoni iliyotumika haikuambii ilikotoka.

Nilimsindikiza sokoni. Muuzaji, Idrissa, alikuwa amezipanga kama ukuta. Mama Kanyere aliinama juu ya kila moja, akanusa, akaisogeza pembeni. Hii ilibeba petroli. Hii ilibeba rangi. Hii sabuni ya maji.

"Mama," Idrissa alisema, "unanusa bidoni kama mutu anayechagua bwana."

"Bwana nilimunusa pia. Njo maana nilikaa naye miaka makumi tatu."

Wauzaji wa jirani walipiga makofi. Idrissa alishindwa, akaingia nyuma mwenyewe na kumletea tatu zilizobeba mafuta ya kula tu. Alizinusa mara mbili, akakubali. Moja ilikuwa na kifuniko cheusi, moja cha bluu, moja chekundu.

Nataka kueleza kazi ya kuosha jinsi alivyotuonyesha, kwa sababu kila kitu kilichofuata kilitoka humo.

Mdomo wa bidoni ni mwembamba; mkono wa mtu mzima haupiti, na burashi ya kufika chini hatukuwa nayo. Mafuta hushika pembeni kwa ndani na kuganda kwenye kona za chini, pale usipoona. Mama Kanyere alichekecha majivu ya moto wa kuni mpaka yakawa laini kama unga, akayatia kikombe kizima, akamwaga maji ya moto, lakini si ya kuchemka, maana plastiki hujikunja. Kisha akatia konzi mbili za mahindi makavu. Punje hizo ndizo zilikuwa burashi. Unafunga, unakumbatia bidoni, unatikisa: juu na chini, kushoto na kulia, kisha unailaza na kuibiringisha kwa goti ili punje zifike kwenye kona. Unahesabu mpaka mia mbili. Unamwaga, unasuuza, unaanza tena. Mara nne kwa siku, siku mbili. Magoti yake yalikuwa yamevimba na hakuweza tena kutikisa, kwa hiyo mikono ilikuwa ya Bénie na yangu.

"Na changarawe kamwe," alituambia, akinyoosha kidole kwenye ua. "Najua nyinyi wa Goma."

Alitujua kweli. Goma unakanyaga mawe ya volkano kila mahali, na tangu utoto tumeokota changarawe nyeusi za chini ya miguu, tukazitia ndani ya chupa na bidoni, tukatikisa. Zinasafisha haraka kuliko kitu chochote. Bidoni ya maji, ya mafuta ya taa, ya maziwa, yote tunaosha hivyo.

"Jiwe lenu liko na meno," alisema. "Linakwaruza plastiki. Mukwaruzo hauuoni, maji haifiki ndani yake, lakini uchachu unafika, unakaa, unangojea. Unatia kasiksi leo, siku ya tatu iko vinegre, siki tupu."

Mwisho kulikuwa na mtihani wake. Bidoni iliyo wazi, alisema, harufu yake inakimbia, haikuambii kitu. Unaikausha, unaifunga ikiwa tupu, unaiweka juani mpaka jioni. Kisha unaweka pua karibu na unafungua kidogo. Hapo kilichofichwa kinatoka.

Bénie aliosha ya kifuniko cheusi na ya bluu. Nyekundu ilikuwa yangu. Jumatatu nilitikisa vizuri. Jumanne nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, na nilipoelekeza mdomo wa bidoni kwenye mwanga niliona kwenye kona ya chini utando wa kahawia wenye ukubwa wa ukucha. Nilitikisa mia mbili. Ukabaki. Nilitikisa mia mbili nyingine, mikono ikachoka. Mama Kanyere alikuwa amelala ndani. Bénie alikuwa ameenda kuteka maji. Niliinama, nikaokota konzi moja ya changarawe, nikatikisa kwa dakika tano. Utando ukatoka. Nilitupa changarawe nyuma ya choo, nikasuuza mara sita, nikaikausha, nikaifunga, nikaiweka juani.

Jioni Mama Kanyere alifungua kifuniko chekundu, akanusa kwa muda mrefu.

"Muzuri sana," alisema. "Madame, hii umeiosha kuliko Bénie."

Ningeweza kusema wakati ule. Bado kulikuwa na siku ya kutafuta bidoni nyingine. Nilisema asante.

Ndizi zilifika Jumatano kwa boti kutoka kisiwa cha Idjwi, zimeiva mpaka maganda yamekuwa meusi. Tulizikanda kwa mikono pamoja na majani makavu mpaka maji yakatoka, tukachuja, tukaongeza unga wa mtama uliokaangwa, tukajaza bidoni tatu na kulegeza vifuniko ili pombe ipumue. Alhamisi zote tatu zilitoa povu. Ijumaa Mama Kanyere alizipitia kila baada ya saa mbili, akiinama na kuinuka kwa kushika ukuta. Nilikuwa nikisahihisha mitihani dirishani kwangu, nikimtazama. Kila alipofika kwenye nyekundu, nilishindwa kusoma mstari.

Jumamosi asubuhi, turubai ikiwa imeshafungwa uani na viti vimepangwa, alituita jikoni. Bidoni nyekundu ilikuwa wazi. Hata mimi niliisikia kutoka mlangoni: harufu kali, nyembamba, iliyopanda juu ya pua.

"Ni nani aliosha hii?"

Bénie aliziba mdomo. "Koko," alimwambia bibi yake, "labda ni mimi. Tulibadilishana Jumatatu, sikumbuki tena. Labda sikusuuza." Machozi yalikuwa yanamshuka juu ya poda. "Mama Pascasie atasema nini? Koko, atasema nini?"

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Mama Kanyere alimtazama Bénie, kisha akanitazama mimi, na nadhani alijua. Nikaangalia chini.

"Lia umalize, kisha upake poda tena," alimwambia mjukuu wake. "Mbili ziko muzuri. Mbili zinatosha." Akaisukuma nyekundu kwenye kona na kuifunika kwa kitenge. Wageni walikuwa wameshaanza kubisha hodi. Hapakuwa na muda wa kwenda kuimwaga.

Mama Pascasie aliingia mwisho, amevaa nguo za heshima za rangi ya majivu. Alikuwa mwanamke mrefu, asiye na haraka. Hakuketi. Aliomba maji ya kunawa mikono, akaonyeshwa nyuma ya nyumba, akarudi, ndipo akaketi mbele kabisa, mikono juu ya magoti. Élisée, nyuma yake, alikuwa akimtafuta Bénie kwa macho na hampati, kwa kuwa bibi arusi hukaa ndani.

Wenceslas alisema maneno ya kukaribisha. Mama Kanyere akatoka na bidoni ya kifuniko cheusi, akamimina kikombe, akaonja, akakinyoosha kwa mikono miwili.

"Si hiyo," alisema Pascasie.

Akaelekeza kidole nyuma ya nyumba.

"Nimepita nyuma kunawa. Jikoni kuko bidoni tatu. Mbili ziko wazi, moja imefunikwa na kitenge. Kwa nini mumeificha? Mimi nataka ile."

Wenceslas alicheka kicheko kikavu. "Mama Élisée, ile haina—"

"Nataka ile."

Mama Kanyere aliweka kikombe chini. "Ile imechacha, Mama Élisée. Haiko ya kumupa mugeni."

"Njo vile watu walisema siku zote. Nzuri ya kuonja, na nyingine ya kunyweshwa." Sauti yake haikupanda. "Kama imechacha tu, haitakuua. Kunywa."

Mzee mmoja wa upande wake alisema taratibu, "Pascasie, imetosha," lakini hakumwangalia. Mama Kanyere aligeuka, akaingia jikoni kwa hatua zake za magoti mabovu, akatoka akiikokota ile nyekundu. Nilitaka kumsaidia, akanikataza kwa mkono. Akachukua kikombe kitupu, akakinusa kama kawaida yake, na mtu mmoja nyuma akatoa sauti ndogo ya kucheka, kisha akajuta. Akamimina mpaka juu. Harufu ilienea mpaka mlangoni.

Alikunywa. Hakuonja, alikunywa kikombe chote, polepole, bila kukiondoa mdomoni. Macho yake yalitoa machozi kwa ule ukali. Alipomaliza alikigeuza mdomo chini, na tone moja likaanguka juu ya jiwe.

"Mubaya sana," alisema. "Nimekwambia."

Watu kadhaa walicheka kwa kushtuka. Pascasie hakucheka. "Ni nani aliiharibu?"

"Mupishi ni mimi."

Hapo miguu yangu ilinisimamisha kabla sijaamua. "Ni mimi," nilisema. "Alitukataza, nami nikaiosha na changarawe. Nilikuwa na haraka. Na leo asubuhi aliuliza, nikanyamaza, mutoto akalia kwa ajili yangu."

"Madame!" alisema yule mzee. "Changarawe katika kasiksi? Na masomo yote yale!"

Pascasie alinitazama kwa mara ya kwanza. Kisha akainuka, akaenda kwenye bidoni nyekundu, akainama. Alinusa muda mrefu. Nilifikiri atasema neno na kila kitu kitaisha.

"Ni uchachu tu," alisema, kama anayejisemea. "Kwetu pia tunatia changarawe." Akabaki ameinama, mkono juu ya mdomo wa bidoni. "Mama Kanyere. Nikuulize neno moja, hapa, mbele ya watu. Siku ile ya Grégoire. Ulionja mbele yake?"

Ningependa kuandika kwamba alijibu upesi. Alisimama na kikombe kitupu mkononi, na niliona midomo yake ikitafuta pa kuanzia. Kulikuwa na jibu rahisi, jibu ambalo hakuna aliyekuwapo ambaye angeweza kulikanusha, na nyuma ya ukuta Bénie alikuwa akilingojea.

"Apana," alisema. "Vyombo nilinusa, vyote. Kasiksi nilionja jikoni. Lakini mbele yake sikuonja. Watu walikuwa wengi, nikaachia watoto wagawe. Hakukuwa na kitu ndani, Mama Élisée, nitasema hivyo hata mbele ya Mungu. Lakini ningekunywa mbele yake, ungelala. Miaka tatu ungelala. Hiyo nilikunyima mimi."

Wenceslas alifumba macho. Pascasie alisimama wima, akajifuta mkono kwa kitambaa, akarudi kwenye kiti chake. Hakulia. Alikaa kama mtu aliyetua mzigo na bado hajanyoosha shingo.

"Hakuna mutu aliniambia hivyo," alisema mwishowe. "Wote waliniambia ni ini." Akanyoosha mkono. "Lete ile ya kifuniko cheusi. Lakini kwanza nipe kikombe."

Mama Kanyere alimpa. Pascasie akakisogeza puani, akafumba macho, akakirudisha. Mama Kanyere akamimina, akaonja, akatoa kwa mikono miwili.

"Nitakunywa," alisema Pascasie. Akanywa nusu, akampa mzee wa pembeni yake. Ndani ya nyumba tulisikia kitu kikianguka. Bénie alikuwa ameangusha sahani.

Siwezi kusema kwamba wanawake hao wawili wakawa marafiki. Pascasie hakuvuka tena barabara, basi. Walisalimiana. Wateja walirudi wachache, kisha wengi, lakini magoti ya Mama Kanyere hayakungoja. Mwezi wa tisa hakuweza tena kutoka kitandani bila kushikwa, na akataka kurudi kwao Butembo kwa ndugu zake. Barabara ya moja kwa moja ilikuwa imefungwa na vita, kwa hiyo Bénie na Élisée walimpitisha Rwanda na Uganda, safari ya kuzunguka ya siku nyingi kwa mtu wa umri wake. Alifika. Alikufa huko kabla ya Noeli, nami sikuweza kwenda kumzika.

Nilimsindikiza mpaka mpakani. Yeye na mimi hatukuwahi kuzungumza tena juu ya bidoni nyekundu. Mara mbili nilianza, na mara mbili aliniomba nimpe chumvi au nifunge mlango. Asubuhi ile nilikuwa nimemwandalia chupa ya maji ya njiani. Niliiosha siku mbili, kwa majivu na punje za mahindi, nikaifunga tupu, nikaiweka juani, kisha nikajaza maji yaliyochemshwa. Alipokuwa amekaa ndani ya gari nilimpa dirishani. Aliifungua, akamwaga maji yote nje, juu ya viatu vya Élisée, akanusa chupa tupu. Alinusa muda mrefu, kama alivyonusa ile nyekundu ilipotoka juani, macho yamefumbwa, na gari nyuma zikipiga honi. Kisha akanirudishia niijaze tena kutoka kwenye bidoni ya Bénie.

"Hii haikuona changarawe, Madame," alisema. "Nitakunywa."